Tembe ya polepole haivunjwi

Alasiri moja ya siku ya soko, vijana wawili walimleta katika kliniki yangu hapa Asumbi mama mwenye umri wa miaka 64. Alikuwa ameanguka ghafla kando ya meza yake ya omena. Mikono yake ilikuwa baridi, jasho lilikuwa likimtiririka usoni, na maneno yalimtoka kwa shida. Wenzake wa sokoni walikuwa wameshatoa uamuzi wao njiani. Mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani, mwingine akasema ni sukari, na wa tatu alinong'ona mambo ambayo sitayaandika hapa.

Vipimo havikuonyesha malaria, na sukari yake ilikuwa sawa. Lakini nilipompima shinikizo la damu, mashine ilisoma 80 kwa 50. Mama huyu namfahamu. Ni mgonjwa wa shinikizo la juu wa miaka mingi, na kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba mara ya mwisho alikuwa na 170 kwa 100. Damu iliyokuwa ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi sasa ilikuwa haifiki vizuri kichwani. Tulimlaza, tukainua miguu yake, tukamtundikia maji ya chumvi mshipani na kukaa naye tukimpima kila baada ya dakika chache.

Aliyetufumbulia kitendawili hiki ni mjukuu wake, msichana wa shule aliyekuja mbio akiwa na pakiti ya dawa mkononi. Mjomba wake aliye Nairobi, alisema, humtumia nyanya dawa kwa basi kila mwezi. Mwezi huo alikuwa amemtumia tembe mpya, nzuri zaidi na ghali zaidi, za kumezwa mara moja tu kwa siku. Nyanya aliziona ni kubwa kwa koo lake, na tena aliona ni hasara kula kitu cha bei hiyo kwa siku moja. Kwa hivyo kila asubuhi aliivunja tembe, akaisaga nusu yake kwa mgongo wa kijiko, akaikoroga katika uji wa wimbi na kunywa. Nusu ya pili aliiweka ya kesho. Alikuwa amefanya hivyo kwa siku tatu, na kila siku alihisi kizunguzungu.

Nilitazama pakiti. Dawa ilikuwa nifedipini ya miligramu 60, na baada ya jina kulikuwa na herufi mbili ndogo za Kiingereza zinazoonyesha kwamba tembe hiyo imetengenezwa itoe dawa polepole kwa muda wa saa 24.

Jioni, alipopata nguvu ya kuketi, nilimweleza kilichotokea. Alinitazama kwa mshangao. "Daktari, mwanangu," aliniambia, "mimi nilidhani nusu ni nusu tu."

Mpenzi msomaji, hesabu ya mama huyu ingekuwa sahihi kwa mkate, kwa sabuni na hata kwa tembe nyingi za kawaida. Kwa tembe za polepole, hesabu hiyo inaweza kuua. Na kwa kuwa wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu, na ndio mnaowanunulia wazazi dawa na kuzituma nyumbani, nimeona leo tulizungumze jambo hili kwa marefu na mapana.

Mrenda ulio ndani ya tembe

Watu wengi hufikiri kwamba tembe ni dawa iliyogandamizwa tu, mfano wa chaki. Ukweli ni kwamba katika tembe nyingi dawa yenyewe ni sehemu moja, na sehemu nyingine ni vitu visivyotibu chochote ila vina kazi yake. Kimoja hushikanisha unga usimomonyoke, kingine husaidia tembe kupasuka tumboni, kingine huifunika ladha chungu. Katika tembe za polepole kuna kitu cha ziada, nacho ndicho kiini cha makala haya: utando au ute unaoizuia dawa isitoke yote kwa pamoja. Ute huo, mara nyingi, asili yake ni mmea.

Huku kwetu Nyanza hatuhitaji kwenda maabara kuuelewa. Kila nyumba hupika apoth, mboga ambayo majirani zetu Waluhya huiita mrenda na ndugu zetu wa Tanzania huiita mlenda. Mpishi hutia majani katika maji yenye magadi, na baada ya dakika chache chungu kizima huwa utelezi unaovutika kutoka kijikoni hadi kwenye sahani. Majani machache yameyashika maji mengi, na maji hayo hayatiririki tena kama maji ya mtoni.

Sasa chukua bilauri mbili. Moja itie maji matupu na nyingine maji ya mrenda yaliyopoa. Kisha dondoshea kila moja tone la juisi yenye rangi nzito. Katika maji matupu rangi itatawanyika upesi. Katika mrenda itakaa mahali pamoja kwa muda, ikitambaa kidogo kidogo. Dawa iliyofungwa ndani ya ute husafiri kwa namna hiyo hiyo.

Ute wa mrenda, wa bamia na wa mimea mingine kadha ni kile ambacho wanakemia hukiita polima. Neno lenyewe lisikutishe. Fikiria shanga ndogondogo zilizotungwa katika uzi mmoja mrefu. Kila ushanga ni chembe ya jamii ya sukari, na uzi mmoja unaweza kuwa na mamia au maelfu ya shanga. Nyuzi hizo zinapolowa hutanuka, huingiliana na kunasana, na maji hukwama katikati yake.

Kutoka mti na pamba hadi duka la dawa

Polima ya mmea iliyo nyingi kuliko zote duniani ni selulosi, ambayo ndiyo hujenga kuta za mbao, majani na nyuzi za pamba. Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyeitenga na kuieleza mwaka 1838. Selulosi ya asili haiyeyuki katika maji, ndiyo maana shati la pamba haliishi kwenye karai la kufulia. Lakini wanakemia waligundua kwamba wakiiongezea vikundi fulani vya kemikali kwenye zile shanga zake, hukubali maji na kuwa ute mzito. Mtoto mashuhuri wa ufundi huo huitwa hipromelosi. Asili yake ni mbao zilizosagwa au zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Wazee wa Nyanza Kusini waliolima pamba kando ya ziwa huenda wasijue kwamba mabaki ya mmea wao ni jamii moja na kitu kilichomo katika tembe wanazomeza leo.

Hipromelosi sasa ni miongoni mwa vitu vinavyotumika sana duniani katika kutengeneza tembe za polepole. Mtengenezaji huchanganya unga wake na unga wa dawa, kisha huugandamiza mchanganyiko huo kwa mashine. Ute huo unaweza kufika hata theluthi ya uzito wa tembe.

Ukiimeza tembe hiyo nzima, maji ya tumboni huilowesha nje kwanza. Ganda la nje hugeuka utelezi mzito huku ndani kukiwa bado kukavu. Dawa iliyo karibu na nje hupenya utelezi huo pole pole na kutoka. Kadiri saa zinavyopita, utelezi wa nje humomonyoka, maji huingia hatua moja zaidi, na tabaka linalofuata hulowa. Kazi hiyo huendelea tembe inapotoka tumboni na kuingia utumbo mdogo, na mara nyingine hata utumbo mpana.

Kuna muundo wa pili unaotumika kwa baadhi ya tembe za nifedipini. Hapa tembe hufunikwa kwa utando mgumu uliotengenezwa kwa selulosi asetati, nao hutobolewa tundu dogo sana kwa mwanga wa leza. Maji huingia kupitia utando, vitu vilivyo ndani hutanuka, na dawa husukumwa nje kupitia tundu hilo moja. Tembe ya aina hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1989. Huo ni mtambo kamili uliofichwa ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya harage, na hauwezi kufanya kazi ukishapasuliwa.

Fikra ya kuichelewesha dawa si mpya. Mwaka 1952 kampuni ya Smith Kline & French ya Marekani ilitoa vidonge vilivyojaa chembechembe zilizopakwa matabaka ya unene tofauti, ili nyingine ziyeyuke mapema na nyingine baadaye. Polima za mimea zilikuja kuirahisisha kazi hiyo na kuipunguzia gharama.

Kwa nini dawa icheleweshwe?

Utauliza, ikiwa dawa inatibu, kwa nini isiingie yote mara moja ikamaliza kazi? Jibu ni kwamba mwili hauiweki dawa kama ghala linavyoweka mahindi. Ini na figo huanza kuiondoa tangu inapoingia.

Nifedipini ya kawaida huondoka haraka. Baada ya saa mbili hivi, kiasi chake katika damu huwa kimepungua kwa nusu. Mgonjwa anayemeza ile ya kawaida hupanda na kushuka kutwa nzima: shinikizo huporomoka ghafla, moyo hukimbia kujaribu kuliokoa, kisha dawa huisha na shinikizo hupanda tena. Zamani madaktari wengi, pamoja na sisi wa Kenya, tulikuwa tukitoboa kidonge cha nifedipini na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi ili shinikizo lishuke upesi. Mwaka 1996 madaktari walichapisha katika jarida la JAMA la Marekani makala yaliyotaka mtindo huo usimamishwe, kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa wamepata kiharusi, mshtuko wa moyo na hata kufa kutokana na kushuka huko kwa ghafla. Tatizo halikuwa dawa yenyewe bali kasi yake. Dawa ile ile ikitolewa polepole imewasaidia watu wengi.

Mtu anayeisaga tembe ya polepole, basi, anaturudisha kwenye ile hatari ya zamani bila kujua.

Nifedipini haiko peke yake. Metformini, dawa ya kisukari, hutengenezwa pia kwa namna ya polepole kwa sababu ile ya kawaida huwachafua wengine tumbo. Karbamazepini ya kifafa hutolewa polepole ili kiasi chake katika damu kisipande hadi kumlevya mgonjwa wala kisishuke hadi kifafa kirudi. Diklofenaki ya miligramu 100, ambayo wengi wenu huinunua kwa maumivu ya mgongo, mara nyingi ni ya polepole. Morfini ya wagonjwa wa saratani nayo huwa na tembe za aina hii, na hiyo ikisagwa yaweza kuizima pumzi ya mgonjwa.

Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakizungumzia tembe, lakini mganga yeyote wa kisasa angeikubali kanuni yao.

Kinachotokea ukiivunja

Ukiisaga tembe ya polepole, unazivunja njia zote ndefu ambazo dawa ilipaswa kuzipitia. Unga mwembamba hulowa wote kwa pamoja, na dawa ya siku nzima hutoka katika muda wa saa moja au mbili. Kwa hiyo yule mama aliyemeza nusu ya miligramu 60 hakumeza nusu ya dawa ya siku. Kwa mwili wake alimeza miligramu 30 zilizofika karibu kwa pamoja. Halafu, baada ya dawa hiyo kuisha, alibaki bila kinga hadi asubuhi ya pili. Alipata madhara ya dawa nyingi mchana na madhara ya kukosa dawa usiku.

Kutafuna ni sawa na kusaga. Kuikata kwa wembe ni afadhali kidogo kwa zile za ute, lakini bado unafungua mlango ambao haukukusudiwa. Kwa zile zenye utando na tundu, kukata ni kuharibu kabisa.

Pombe nayo ni adui mwingine. Mwaka 2005 dawa ya maumivu iitwayo Palladone, ya jamii ya morfini, iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kwamba pombe huweza kuharibu mfumo wake wa kuchelewesha na kuiachilia dawa yote. Si kila tembe ya polepole hufanya hivyo, lakini mtu anayemeza tembe yake na kuisindikiza kwa chang'aa anacheza na maisha yake.

Kuna jambo jingine la kutazamwa. Tembe ya polepole huhitaji muda ndani ya matumbo. Mgonjwa anayehara sana anaweza kuipitisha kabla haijamaliza kazi. Mgonjwa wa namna hiyo amwone daktari, asijiongezee tembe mwenyewe.

Je, mimea yetu haiwezi?

Nimewahi kuulizwa na mwalimu mmoja wa hapa Asumbi: ikiwa ute wa mmea ndio siri, mbona tusitumie mrenda wetu badala ya kununua ng'ambo? Ni swali zuri.

Ute wa mimea umechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1978 David Jenkins na wenzake waliandika katika British Medical Journal kwamba nyuzi za mimea zenye ute mzito huichelewesha sukari isipande upesi baada ya chakula. Iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa gundi ya mbegu za gwari, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana India na Pakistan. Walipouvunjavunja ute huo ukawa mwepesi, uwezo wake ulipotea. Natumai msomaji anauona ujumbe ule ule: nguvu ya ute imo katika uzito wake, na ukiuharibu uzito umeiharibu kazi.

Watafiti wa Nigeria na India wameujaribu ute wa bamia katika tembe. Oluwatoyin Odeku wa Chuo Kikuu cha Ibadan, pamoja na mwenzake Fell, walichapisha mwaka 2004 utafiti juu ya gundi ya miti ya khaya, jamii ya mikangazi ya Afrika, wakionyesha kwamba inaweza kutumiwa kuitawala kasi ya dawa kutoka katika tembe.

Kwetu Afrika Mashariki mali ipo. Huko Zanzibar, kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni akina mama. Mwani hulimwa pia Kibuyuni katika kaunti ya Kwale. Ndani ya mwani huo mna polima iitwayo karajinani, inayotumika katika dawa za meno, vyakula na dawa za hospitali, lakini sehemu kubwa ya mwani wenyewe husafirishwa ng'ambo ukiwa umekaushwa tu. Katika maeneo kame ya Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na Garissa kuna migunga inayotoa gamu arabika. Hiyo huyeyuka upesi mno kuweza kuichelewesha dawa peke yake, lakini hutumika kushikanisha tembe na kuchanganya dawa za maji.

Kinachotuzuia si ukosefu wa mimea. Mrenda wa msimu wa mvua si sawa na wa kiangazi. Jani changa na jani kongwe hutoa ute tofauti. Ute mbichi huoza na kuingiwa na vijidudu. Kwa mboga hilo si neno, maana mpishi ataongeza majani. Kwa tembe, tofauti ndogo yaweza kuifanya dawa ya saa 24 itoke kwa saa 6. Ndiyo sababu polima lazima isafishwe, ikaushwe na ipimwe hadi kila gunia lifanane na jingine.

Kisha tembe iliyokamilika hujaribiwa. Mafundi huitumbukiza katika chombo chenye maji, kwa kawaida mililita 900, yenye joto la mwili la nyuzi 37, yakikorogwa kwa mwendo mmoja. Baada ya kila muda fulani huchota kidogo na kupima ni dawa kiasi gani imetoka. Ikitoka mapema mno haifai, ikichelewa mno haifai. Tembe isiyopita jaribio hilo haistahili kuwa kinywani mwa mtu yeyote, hata kama imetengenezwa kwa mmea wa shambani kwa babu yake.

Nisisitize hapa: kwamba ute umetoka katika mmea hakuigeuzi tembe kuwa dawa ya mitishamba, wala hakumaanishi haina madhara. Ute ni mkokoteni tu, na mzigo uliobebwa ni dawa kali. Vile vile, kula mrenda hakuwezi kuchukua nafasi ya dawa yako ya kisukari, ingawa ni mboga njema na ninaipendekeza kwa moyo wangu wote.

Utaitambuaje, na utaitumiaje?

Yafuatayo ndiyo ninayowaambia wagonjwa wangu, nawe unaweza kuyakata na kuyabandika jikoni.

1. Tazama herufi baada ya jina la dawa. SR, XR, XL, ER, CR, MR, LA au neno Retard huonyesha kwamba dawa ni ya kutoka polepole. Herufi EC huonyesha tembe iliyopakwa ili isiyeyuke tumboni hadi ifike utumboni. Hiyo nayo haisagwi.

2. Meza nzima kwa maji ya kutosha. Usisage, usitafune, usiiyeyushe katika chai wala uji.

3. Tembe chache za polepole zina mfereji katikati na zimeruhusiwa kukatwa nusu. Hata hizo hazitafunwi wala kusagwa. Usikisie, muulize mfamasia.

4. Usibadilishe tembe ya kawaida kwa ya polepole, au ya polepole kwa ya kawaida, eti kwa sababu jina ni moja. Kipimo na idadi ya mara za kumeza hutofautiana.

5. Ukisahau tembe moja, usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

6. Iache katika karatasi yake ya bati hadi wakati wa kumeza. Ute wa mimea hupenda maji, na unyevu wa hewa unaweza kuiharibu tembe iliyowekwa katika mfuko wa plastiki.

7. Ukiona kitu kama ganda la tembe chooni, usishtuke. Baadhi ya tembe hutoa dawa yote na kuacha ganda au ute mtupu upite. Mweleze daktari, lakini usimeze nyingine.

8. Mgonjwa asiyeweza kumeza, kwa mfano aliyepata kiharusi au anayelishwa kwa mrija wa puani, asisagiwe tembe hizi. Mwambie daktari akuandikie dawa ya maji au tembe ya aina nyingine.

Wapo pia wanaoniuliza kama dawa zina kitu cha nguruwe. Wasabato ni wengi katika eneo letu tangu walipoanza kazi Gendia mwaka 1906, na Waislamu tunao pia, kwa hivyo swali hili si geni. Vidonge vya ganda laini au gumu mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini, ambayo hutokana na ng'ombe au nguruwe. Siku hizi yapo maganda yaliyotengenezwa kwa hipromelosi ya mimea. Kama jambo hili linakukera dhamiri, muulize mfamasia kabla ya kununua badala ya kuifungua kapsuli na kumimina unga wake. Baadhi ya kapsuli nazo ni za polepole.

Kwako unayetuma dawa nyumbani

Nirudi kwa mama wa omena. Shinikizo lake lilirudi taratibu usiku ule, na baada ya siku mbili alikwenda kwake kwa miguu yake mwenyewe. Wengine hawapati bahati hiyo. Mzee aliyeangukia jikoni, peke yake, mchana watu wakiwa shambani, angekutwa jioni, na majirani wangesema ni uzee.

Sikumrudishia zile tembe. Nilimpa amlodipini, dawa ya jamii moja na nifedipini, ambayo yenyewe kwa maumbile yake hukaa mwilini muda mrefu. Inachukua saa 30 hadi 50 kupungua kwa nusu, kwa hivyo haihitaji ute wala mtambo wowote. Ni tembe ndogo, humezwa mara moja kwa siku, na bei yake ni nafuu. Hata akiivunja haitamwangusha kwa namna ile. Si kila mgonjwa anafaa kupewa hiyo, na usiende kujibadilishia mwenyewe, lakini maana ya mfano huu ni kwamba tembe ghali zaidi si lazima iwe ndiyo bora zaidi kwa mzazi wako.

Kisha nilimpigia simu mwanawe. Alikuwa kijana mwema aliyetoa sehemu ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya mama, na aliposikia yaliyotokea alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuwa amekosa upendo. Alikuwa ametuma pakiti bila maneno. Karatasi ya maelezo ndani yake iliandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo, na mama yake husoma Kijaluo na Kiswahili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujakabidhi dawa kwa dereva wa basi wiki hii, fanya mambo matatu. Muulize aliyekuuzia ikiwa tembe hizo ni za polepole. Andika kwa kalamu kubwa juu ya pakiti, kwa lugha ambayo mzazi anaisoma: MEZA NZIMA, USIVUNJE. Kisha piga simu uulize swali moja ambalo wengi hatuulizi: "Mama, unaimeza vipi?" Akikwambia anaikoroga katika uji, au anaigawa ili isiishe upesi, usimkemee. Anakuambia ama koo lake haliwezi au bei haimudu, na yote mawili yana dawa yake. Mpeleke kliniki, au mwambie aende na pakiti yenyewe mkononi, apewe inayomfaa.